Dawa ya jua kali iko tayari ndani ya mmea

Wamama na wababa wa koperative,

Katika mikutano yetu huku Boga, swali moja linarudi: hii unga ya melatonini, wanayosema inafanya mmea uvumilie jua, tuinunue na feza ya sanduku letu? Jibu letu ni hapana, si kwa sasa. Lakini ndani ya habari hii kuna fundisho linalotufaa, na halina bei.

Tuanze na ukweli. Melatonini si hadithi ya wauzaji. Iligunduliwa Marekani mwaka wa 1958, katika ubongo wa ng'ombe. Ndiyo inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwaka wa 1995 watafiti wakaikuta pia katika vyakula vya shamba, kama ndizi, nyanya na mchele. Kumbe mmea unajitengenezea wenyewe.

Inafanya kazi gani? Mahindi yakikosa maji, majani yanafunga vitundu vyake vya kupumulia ili yasikauke. Lakini jua linaendelea kupiga, na nguvu yake ikikosa kazi inazaa ndani ya jani oksijeni mbaya, inayounguza kama cheche zinazorukia paa la nyasi. Melatonini inazima cheche hizo, tena inaamsha kinga zingine za mmea. Katika majaribio mengi, mbegu zilizolowekwa ndani yake, au miche iliyonyunyiziwa, ilivumilia ukame, chumvi na baridi kuliko ile iliyokosa.

Sasa mbona tunasema hapana? Kwanza, juu ya kipimo. Kipimo kimoja cha kawaida cha maabara ni miligramu 23 hivi katika litre 1 ya maji. Nani kati yetu ana mizani ya kupima hiyo? Kifuniko cha chupa ya soda kinabeba mara nyingi zaidi, na melatonini ikizidi inazuia mizizi kukua. Pili, sehemu kubwa ya majaribio ilifanyika ndani ya vyungu na nyumba za vioo, si shambani ambako ukame, wadudu na magonjwa vinakuja pamoja. Tatu, jamaa iliyokimbia mashambulizi ya mwaka wa 2021, ikarudi na kilo chache tu za mbegu, haina kilo ya kuchezea. Mbegu ikiharibika, ni watoto ndio wanalala njaa, si muuzaji.

Wengine watasema tunakataa sayansi. Hapana. Sayansi yenyewe inatuonyesha kwamba mmea una kinga yake, basi kazi yetu ni kuipunguzia mzigo. Funika udongo na majani makavu ili unyevu ukae. Usichome mabaki ya mavuno. Panda migomba katikati ya kakao changa ipate kivuli, na acha miti michache juu ya kahawa. Mahindi ya mbegu, yaloweke katika maji safi usiku mmoja, yaanike kidogo kivulini, uyapande siku ile ile udongo ukiwa na unyevu. Lakini mbegu iliyopakwa dawa ya duka, usiiloweke. Na maharagi, yaache, juu yanapasuka upesi.

Kama koperative inataka kujua zaidi, iombe watafiti, kama wa kituo cha INERA cha Nioka, wapime melatonini pamoja nasi katika shamba dogo: mistari iliyopewa, mistari ya maji matupu, na mistari isiyolowekwa kabisa. Siku ya mavuno tupime kilo mbele ya wamemba wote. Ikishinda maji matupu, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuandika kwamba inunuliwe.

Mpaka siku ile, feza ya sanduku inunue mbegu nzuri na majembe. Kiangazi cha Januari hakingojei.