Ombi Likiahirishwa, Mlango Haujafungwa



Kila ifikapo katikati ya Disemba, zipo nyumba katika mwambao wetu zinazongojea jibu kutoka vyuo vikuu vya Marekani. Kijana aliyepeleka ombi la mapema mwezi wa Novemba hutarajia moja kati ya majibu mawili: amepokewa, au amekataliwa. Lakini lipo jibu la tatu ambalo huwatatiza wazazi wengi, nalo ni kwamba ombi limeahirishwa. Tumeona vyema juma hili tulieleze, kwani asiyelifahamu aweza kupoteza majuma mawili ambayo hayatarudi.

Kuahirishwa si kukataliwa. Maana yake ni kwamba chuo hakijaamua, na ombi litasomwa tena pamoja na maombi ya duru ya kawaida, ambayo majibu yake hutoka mwezi wa Machi au mapema Aprili. Tena, ikiwa kijana aliomba kwa ahadi ya kujiunga na chuo hicho pekee endapo atapokewa, ahadi hiyo haimfungi tena. Yu huru kuomba kwingine na kulinganisha.

Hapo ndipo penye haraka. Vyuo vingi vyenye ushindani hufunga maombi ya duru ya kawaida kati ya tarehe 1 na 15 Januari. Binti anayejifungia chumbani kwa huzuni hadi mwaka mpya atatoka akute milango mingine imefungwa, naye hakubisha hodi. Tumwache alie siku mbili tatu, kisha tuketi naye na kalenda mkononi. Aongeze vyuo, vikiwemo vile ambavyo alama zake zavifikia bila taabu. Ada ya maombi ikiwa nzito, aombe asamehewe. Utaratibu huo upo, wala si aibu.

Kisha akirudie chuo kilichoahirisha. Kwanza asome jibu kwa makini, kwani vyuo vingine huelekeza mahali pa kujaza taarifa mpya, na vingine husema visitumiwe chochote. Barua ikiruhusiwa, ukurasa mmoja watosha: ashukuru, aseme bado anakitaka chuo, aeleze mapya aliyoyafanya tangu alipoomba. Akisema ndicho chaguo lake la kwanza, iwe kweli. Neno hilo haliandikiwi vyuo viwili. Aliyefanya mtihani wa KCSE ana jambo jipya la maana, kwani miaka ya karibuni matokeo yametangazwa mwezi wa Januari, wakati ombi lake lingali lasubiri kusomwa tena. Mwalimu mshauri ayapeleke mara yatokapo.

Barua na iandikwe na kijana mwenyewe. Baba asipige simu chuoni kumsemea, wala mama asirundike vyeti vya tangu shule ya msingi. Wanaosoma maombi hayo wataka kuisikia sauti ya mwanafunzi.

Kwa familia zinazohitaji msaada wa fedha, kipo kishawishi cha kuliondoa ombi la msaada ili kijana apokewe kwa wepesi. Ni kweli kwamba vyuo vingi hutazama haja ya fedha vinapochagua wanafunzi wa kigeni. Lakini vingi pia havimsaidii baadaye mgeni ambaye hakuomba msaada tangu mwanzo, na karo ya miaka minne huenda ikaishia katika mkopo wa riba, jambo ambalo familia zetu hulikimbia. Afadhali kukataliwa mwezi wa Aprili kuliko kukwama mwaka wa pili, ugenini, bila karo.

Wala tusiudharau mlango wa nyumbani. Aliyepata C+ au zaidi katika KCSE ana sifa ya kuomba nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, na mwambao wetu una Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kuomba huko si kukata tamaa na Marekani. Ni kuhakikisha kwamba Aprili ikifika, kijana ana pa kwenda.

Limebaki moja, nalo ni letu sisi wazazi. Shangazi, majirani na wenzetu wa arusini watauliza, "Haya, amepata?" Swali hilo tusimwachie mtoto alijibu kila siku. Tulipokee sisi: "Bado twangoja, tuombeeni dua." Maneno hayo yatosha, naye atapata utulivu wa kuandika barua yake na kuwahi tarehe za Januari.

Hadi juma lijalo, inshaAllah.