Ukitaka Malindi Kule Limuru, Lipia Baridi Mwenyewe

Januari mwaka huu mjomba wangu alikatwa shilingi 3,000 kwenye mshahara kwa sababu ya baridi. Hakuchelewa kazini, hakuvunja kitu. Baridi tu. Yeye hutunza bustani ya nyumba za wageni wa wikendi huko Limuru. Usiku mmoja jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi, iliunguza bogenvilia 12. Asubuhi majani yalikuwa meusi, utadhani yamechemshwa. Meneja akapiga hesabu, akamwita, akamwekea karatasi ya kusaini. Mzee wa miaka 54, na bado wanamwita shamba boi.

Hebu tuambiane ukweli. Asili ya bogenvilia ni Amerika Kusini. Kule Malindi hupanda ukuta bila kubembelezwa. Lakini Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Si kwamba haimei huko. Inamea, ila inaishi kama mpangaji anayelipa kodi siku ya mwisho kila mwezi: kitu kidogo kikiteleza, yuko nje.

Na msidhani hatari ni Julai. Zii. Julai mawingu hufunika kama blanketi. Jalidi hupenda Januari na Februari, usiku usio na wingu wala upepo, joto la ardhi linapopaa angani na hewa baridi kuteremka bondeni kama maji. Mjomba aliyajua haya yote. Alitaka vichaka vipandwe kando ya ukuta wa mawe, kwa sababu mawe hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Akaambiwa hapana, vikae kule chini karibu na geti, wageni wanapopiga picha. Akaomba magunia ya kuvifunika usiku. Akaambiwa magunia yanaharibu mandhari.

Halafu jalidi ikaja, na mwenye kosa akawa yeye.

Mtaniambia kazi ya mtunza bustani ni kuhakikisha mimea haifi. Sawa. Basi msikilizeni anapoongea. Huwezi kumnyima mtu usemi kisha umbebeshe hasara. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri kukata pesa za mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi alikosea kwa makusudi. Sasa nani aliwahi kuleta jalidi makusudi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vile vichaka havikuwa vimekufa. Mjomba alikwaruza gamba kwa kucha, ndani kukawa kijani. Akasema, "Tungojeni mvua ya Machi. Msikate sasa, matawi yaliyoungua yanayakinga yaliyo hai." Wiki hiyo hiyo vikang'olewa, vikaletwa vingine, vikapandwa palepale karibu na geti. Januari nyingine inakuja, na mnajua nani ataitwa ofisini.

Sipingi bogenvilia Limuru. Naipenda, na nimewahi kupigwa picha chini yake kama nyinyi. Lakini kupanda mmea mahali unapoponea chupuchupu ni kamari. Cheza ukitaka. Ukishindwa, usiingize mkono kwenye mfuko wa mjomba.