Bahati Nasibu ya Kigango Nayo Yadai Haki

Wapo wasemao: "Bahati nasibu ya kujenga kanisa la kigango ni sadaka, haihitaji kibali." Tusidanganyane. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeiweka bahati nasibu chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Nia njema haiondoi wajibu wa kuomba kibali kwanza. Wala tiketi asiuziwe mtoto aliye chini ya miaka 18.

Lakini kibali peke yake hakitoshi. Mvuvi wa usipa hapa Chiwanda anunuapo tiketi, ametoa jasho lake kwa ajili ya bati za kanisa, si kwa posho za kamati. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, yaagiza kwamba kilichotolewa kwa kusudi maalumu kitumike kwa kusudi hilo tu. Basi tiketi ziwe na namba, zawadi zionekane kabla ya mauzo, droo ichezeshwe hadharani, na hesabu isomwe mbele ya waamini wote.

Viongozi wa walei, mkishindwa hayo, acheni. Afadhali kanisa la nyasi lililojengwa kwa haki kuliko la bati lililoezekwa kwa hila.