Sindano ya Taya na Haki ya Mnyama Asiyesema

Kila sifa njema ni Zake Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, wasemao na wasiosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mbele kidogo ya sikio kuna kiungo kinachofungua na kufunga kinywa. Ndani yake mna kisahani kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa. Kisahani hicho na gegedu vikilika, tonge la ugali huwa adhabu na mwayo huwa kilio. Madaktari huweza kuchoma sindano ndani ya kiungo chenyewe: steroidi za kutuliza uvimbe, au asidi ya hialuroni, ambayo kwa asili imo katika ute wa viungo. Hizo huweza kupunguza maumivu, lakini kilicholika hakirudi. Ndiyo maana dawa nyingine zingali zinatafutwa.

Dawa hizo hujaribiwa kwanza kwa panya, sungura, mbuzi, kondoo na nguruwe. Na mnyama huyo hakuwa mgonjwa. Huuguzwa kwa makusudi. Panya hudungwa kemikali inayoua seli za gegedu. Sungura hupasuliwa, kisahani chake kikatobolewa au kuondolewa. Kisha hupewa dawa, na mwishowe huuawa ili kiungo kitazamwe kwa hadubini.

Wapo watakaosema majaribio haya yapigwe marufuku kabisa. Hatukubaliani nao. Nchini Marekani, mwaka 1983, kipandikizi cha taya chenye Tefloni kiliruhusiwa kuuzwa kwa hoja kwamba kinafanana na vifaa vilivyokuwapo sokoni. Kikameguka ndani ya taya, na vipande vyake vikauchochea mwili kula mfupa wake wenyewe. Tahadhari ya serikali ilitoka mwishoni mwa 1990, watu wakiwa wamekwisha kuumia, wengi wao wanawake. Asiyejaribu kwa uangalifu hujaribia kwa binadamu.

Lakini mafakihi wametufundisha kuwa kinachoruhusiwa kwa dharura hakivuki kiasi cha dharura hiyo. Je, nguruwe naye ana haki? Hutumiwa sana kwa kuwa taya lake linakaribiana na la mwanadamu, na tumewasikia baadhi yetu wakisema huyo hahurumiwi. Wamekosea. Nyama yake kuwa haramu hakuhalalishi kumtesa. Mbwa naye ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na bado Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe.

Wanasayansi Russell na Burch waliandika tangu mwaka 1959 kwamba mnyama abadilishwe kwa njia nyingine inapowezekana, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Mwisho wa mwaka 2022 Marekani iliondoa katika sheria yake sharti la kila dawa kupitia kwa wanyama. Hayo tunayapokea kwa furaha, ingawa Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kuyasema.

Yapo majaribio ambamo dawa ya maumivu huzuiwa kwa kuchelea kuvuruga matokeo. Sungura huficha maumivu yake. Pengine hupunguza kula tu, na asiyemtazama kwa makini hatambui. Mgonjwa wetu wa taya tunampikia uji. Kwa nini sungura aliyevunjiwa kisahani asipewe chakula laini? Wote wakipewa sawa, ulinganisho unabaki.

Vijana wetu walioko vyuo vya udaktari na vya mifugo, siku mtakapoketi mbele ya andiko la utafiti wa namna hii, ulizeni kama jaribio hilo halijafanywa kwingine likajibiwa. Ulizeni kwa nini sungura 30 na si 12. Ulizeni pia ni nani atakayewaangalia usiku wa kwanza baada ya upasuaji, na akiba ya dawa ya maumivu iko wapi.