Boksi Halishiki Breki

Leo naomba tuache kompyuta kidogo tuzungumze kuhusu chuma. Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu, seva na simu, lakini hili nalo ni suala la teknolojia, tena limenikera muda mrefu: namna sisi Wakenya tunavyonunua breki padi na diski za magari yetu.

Simama dakika kumi kwenye kaunta yoyote ya spea pale Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Mteja anaingia: "Nataka padi za mbele za Fielder." Muuzaji: "Unataka orijino ama ya kawaida, mkubwa?" Mteja: "Orijino ni pesa ngapi?" Bei inatajwa, wanavutana kidogo, pesa zinatoka, boksi linaingia kwenye mfuko, biashara imekwisha. Hakuna aliyefungua boksi. Hakuna aliyeuliza namba. Hakuna aliyeuliza padi hiyo inafanya nini ikipata moto.

Sasa mimi nasema hivi, na atakayekasirika akasirike: neno "orijino" halina maana yoyote kwenye kaunta ya spea. Boksi huchapishwa popote penye mashine ya kuchapisha. Padi yenyewe ina maandishi mgongoni na ubavuni, diski ina maandishi yake, na hayo ndiyo ya kusoma. Usipoyasoma umenunua boksi, na boksi halishiki breki.

Jamani, tunashangaza. Mtu yule yule asiyeweza kuweka programu kwenye simu bila kuangalia toleo lake na kusoma maoni ya watu mia mbili, ndiye anayefungiwa kwenye gari padi asizojua hata zimetoka wapi, kisha anapakia watoto na kuelekea Nakuru.

Tupige hesabu kwanza, maana hesabu haina ushabiki. Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 463. Likienda kilomita 50 kwa saa lina takriban 116. Yaani ukipunguza mwendo nusu, nishati inashuka hadi robo. Ukikanyaga breki, nishati hiyo haiyeyuki hewani kimiujiza. Inageuka joto, na joto hilo linabebwa na vipande viwili vya chuma cha kusubu kule mbele, na viwili vya nyuma vikisaidia kidogo.

Hiyo ni barabara tambarare. Sasa chukua mteremko. Gari hilo hilo likishuka mita 100 tu za wima, mvutano wa dunia unalipa takriban kilojuli 1,180. Hiyo ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa mara mbili na nusu, na hapo hujaongeza mwendo hata kidogo, umeuzuia tu usiongezeke. Barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu inashuka mamia ya mita. Upepo utabeba sehemu ya mzigo huo, na injini itabeba sehemu nyingine ikiwa umeingiza gia ndogo. Yule bingwa anayeteremka kwa gia huru ati anaokoa mafuta, karibu mzigo wote anaubwaga kwenye padi za bei ya kutupa.

Ndiyo maana swali la maana kuhusu padi ni hili: ikichemka, inabaki na nguvu ngapi? Na jibu, msomaji, mara nyingi limeandikwa ubavuni mwa padi, bure kabisa!

Padi nyingi zina mstari wa herufi na namba ubavuni au mgongoni. Mwishoni mwa mstari huo tafuta herufi mbili pamoja, kama EE, FE, FF au GG. Mpango huu umetoka kwa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kwenye kiwango chake J866. Kila herufi inawakilisha kiwango cha msuguano:

D: 0.15 hadi 0.25
E: 0.25 hadi 0.35
F: 0.35 hadi 0.45
G: 0.45 hadi 0.55

Maana yake ni rahisi. Msuguano wa 0.40 ni kwamba ukiisukuma padi kwenye diski kwa nguvu ya 100, diski inazuiwa kwa nguvu ya 40. Herufi ya kwanza ni padi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni padi ikiwa imechemka. Kwa hiyo FF inajitahidi kubaki pale pale. FE inaanza vizuri kisha inalegea moto ukipanda, na moto unapanda hasa pale unapoihitaji zaidi, katikati ya mteremko.

Niwe mkweli hapa: herufi hizi si neno la mwisho. Kipimo hicho hufanywa maabara kwa kipande kidogo cha padi, chenye upana wa kama inchi moja, si kwa gari zima barabarani. Padi mbili za FF zinaweza kuwa tofauti kwa kelele, vumbi na kasi ya kulika. Na mwizi anayeweza kuchapisha boksi anaweza pia kuchapisha herufi mbili. Kubwa zaidi si lazima iwe bora pia, kwa sababu gari lako lilibuniwa kwa kiwango fulani. Lakini padi isiyo na maandishi yoyote, laini kama ukuta uliopakwa rangi jana, hiyo mtengenezaji wake hakutaka ajulikane. Mrudishie mwenyewe.

Kuna alama nyingine yenye nguvu zaidi: herufi E kubwa ndani ya duara ikiwa na namba, na karibu nayo maandishi yanayoanza na 90R. Hiyo ni Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa inayotumika Ulaya. Ili kuipata, padi hujaribiwa na nguvu yake ya kusimamisha hulinganishwa na ya padi iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Tofauti isizidi asilimia 15. Hupimwa pia kama ile sehemu inayosugua itang'oka kwenye bati lake la nyuma. Baadaye kanuni hiyo ilipanuliwa, ikaingiza diski na dramu.

Halafu kuna namba ya spea. Magari yetu mengi yalikuja yametumika kutoka Japani, na jina la gari halitoshi kabisa. Fielder za miaka tofauti na injini tofauti si gari moja. Chukua namba ya chesi kwenye logibuku yako, itafute kwenye katalogi, upate namba kamili ya spea. Kwa Toyota, padi za mbele huanza na 04465 na diski za mbele na 43512. Ukifika kaunta utaje namba, usitaje jina. Utaona muuzaji anavyobadilika sura, maana amejua mtu aliyesimama mbele yake amesoma.

Diski nazo zina uonevu wake. Kwenye diski nyingi pameandikwa MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho, chini ya hapo ni chuma chakavu. Kwa mfano, diski iliyotoka kiwandani na milimita 22 inaweza kuandikwa mwisho 20. Milimita mbili tu ndizo zako za kula! Sasa kuna mafundi wanaokereza diski hadi inang'aa kama sahani ya harusi, wakulipishe, na hawajawahi kushika maikromita. Diski iliyopungua ina chuma kidogo cha kubeba joto, kwa hiyo inachemka haraka zaidi. Kukereza si dhambi, mradi baada ya kukereza unene ubaki juu ya namba ile, na uachwe wa kulika pia. Dai kipimo kabla na baada. Fundi asiye na kipimo anakisia kwa maisha yako.

Na hadithi ya "diski imepinda" tuipunguze. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, mara nyingi diski haijapinda kama chapati, bali unene wake umekuwa si sawa pande zote au mabaki ya padi yameganda sehemu moja. Chanzo huwa kutu iliyoachwa kwenye kitovu cha gurudumu diski mpya ilipofungwa, au nati zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana. Usipoondoa chanzo, hata diski mpya itaanza kutetemeka.

Zile diski zenye matundu matundu wanazofunga vijana? Kwenye gari la kwenda kazini na sokoni ni urembo. Tundu linapunguza chuma cha kubeba joto, na nyufa hupenda kuanzia pale. Pesa hiyo nunua padi za maana na mafuta mapya ya breki. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzijoto 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni, padi iwe nzuri vipi.

Najua majibu yenu. "Fundi wangu anajua." Vizuri, basi atafurahi ukimuuliza. Anayejua huonyesha, asiyejua hukasirika. "Mimi naendesha mjini tu." Mpaka shangazi afiwe Kisii Ijumaa jioni. "Pesa hakuna." Hili nalielewa, na silichekei. Lakini sijasema ununue ya bei ghali. Kusoma ubavu wa padi hakuna ada. Za bei ya kati zenye maandishi kamili zipo, na wakati mwingine huzidiwa bei na zile zinazouzwa kwa neno "orijino". Anayeibiwa zaidi kwa neno hilo ni mwenye pesa kidogo, kwa sababu analipa bei ya kitu asichopewa.

Na mitumba ya Japani? Diski iliyotumika, ipime, ikague nyufa, kama bado nene ichukue. Padi zilizotumika usiguse. Hujui zilichomwa mara ngapi.

Sheria tunayo. Bunge lilipitisha sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka 2008. Lakini hakuna mkaguzi atakayesimama kila kaunta ya nchi hii. Muuzaji huleta kile wateja wanachokiuliza. Tukiuliza "orijino", ataleta maboksi mazuri zaidi. Tukiuliza namba na herufi, ataleta padi.

Basi kabla ya kutoa pesa:

1. Mwambie afungue boksi. Akikataa, aga, toka.
2. Linganisha namba na ya katalogi, na umbo na padi ya zamani.
3. Soma herufi mbili na tafuta alama ya E. Padi za kushoto na kulia ziwe sawa kabisa, la sivyo gari litavuta upande.
4. Soma MIN TH na upime diski.
5. Padi zikishafungwa, tafuta barabara tupu, shuka kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa kama mara kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe.

Muuzaji akisema unamchelewesha, mwambie ndiyo, unamchelewesha. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva.