Askari Awe Mgeni Mwema Milimani

Barabara kuu itokayo Jinja hupita Bugembe, makao ya utawala wa Kyabazinga wa Busoga, ikaendelea hadi Iganga, ikavuka mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma, na mwishowe ikafika Mbale, chini ya magenge ya Wanale. Askari wengi wa jeshi na wa polisi wameipita njia hiyo wakiwa kazini, ndani ya malori, bunduki mikononi. Walioipita wakiwa wageni ni wachache. Leo twapenda kusema nao wote juu ya safari hiyo ya pili, kwa kuwa twaamini ina faida kubwa kwa askari mwenyewe na kwa taifa.

Katika milima ya Elgon, ambayo Wagisu huiita Masaba, wako wakulima wanaopokea wageni majumbani mwao kwa malipo. Mgeni hulala katika nyumba ya mwenyeji, hula kilichopikwa jikoni mwake, na akibahatika huandaliwa malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Kukicha, kijana wa nyumba humwongoza katika vijia vya mashamba, akamwonyesha kahawa ya arabika iliyopandwa katika kivuli cha migomba. Hiyo ndiyo kahawa iliyowafanya wakulima wa Bugisu waunde chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1954. Kwa upande wa Kapchorwa, atayaona maporomoko matatu ya mto Sipi, ambayo kubwa lao huanguka kiasi cha meta 100. Mwenye pumzi na nguo za baridi aweza, kwa kibali na kiongozi wa Mamlaka ya Wanyamapori, kupanda kutoka Budadiri hadi kilele cha Wagagai, chenye urefu wa meta 4,321.

Askari asidhani kwamba hayo ni mambo ya watalii wa Ulaya peke yao. Joshua Cheptegei, aliyeshinda mbio za meta 5,000 mjini Tokyo mwaka 2021 na za meta 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni mzaliwa wa Kapchorwa na ni ofisa wa Polisi ya Uganda. Miteremko ile na hewa ile nyepesi ndiyo iliyomlea. Askari atakayeamka alfajiri na kutembea na wenyeji hadi kisimani na kurudi atajua upesi kama mazoezi ya kambini yalimtosha.

Lakini faida iliyo kuu si ya mwili. Wazee wa nchi hii wanaikumbuka miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wakati sare ilipoonekana njiani na watu wakakimbilia migombani. Kiswahili chenyewe, lugha hii tunayoandikiana, kilichukiwa na wengi kwa sababu walikisikia kinywani mwa waliowapora. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Huo ni uamuzi mwema. Hata hivyo, mtoto hataipenda lugha kwa sababu ya amri. Ataipenda akimsikia askari akimwamkia bibi yake kwa adabu, akiomba maji badala ya kuyadai, na akisema asante.

Tena liko jambo la uhai na mauti. Tarehe 1 Machi 2010, mlima uliporomoka huko Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika nyumba, soko na zahanati. Watu wapatao 300 walikufa au hawakuonekana tena. Mashine kubwa hazikuweza kufika, na askari pamoja na wanavijiji wakachimba kwa majembe na sepeto. Msiba ukarudi Bukalasi mwezi wa Oktoba 2018, na Bulambuli mwezi wa Novemba 2024. Kila mara mvua kubwa huulowesha udongo wa miteremko mikali iliyokwisha kukatwa miti, udongo ukawa mzito, ukateleza. Kila mara ni askari waitwao. Siku hiyo hakuna ramani ishindayo mtu ajuaye kijia kipi hupitika mto ukifurika, nyumba zipi zilikuwa juu ya soko, na mzee yupi aliuona ufa ardhini wiki moja kabla. Maarifa hayo hayafundishwi kwenye gwaride. Hupatikana mekoni, jioni, kwa mgeni anayesikiliza.

Basi askari aendaye huko na azingatie mambo machache. Bunduki ibaki katika ghala ya silaha na sare ibaki kambini. Aitwe mgeni, asiitwe Afande. Ajifunze kuamkia kwa neno la wenyeji, "mulembe", ambalo maana yake ni amani. Alipe bei waliyopatana, na alipe kabla ya kudaiwa, kwa kuwa mwenyeji anayemwogopa mgeni wake hatadai kamwe. Akifika mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, atawakuta Wagisu katika sherehe za imbalu, za kuwatahiri vijana wao. Acheze wakimwalika, na asifanye dhihaka.

Pengine jioni atasikia malalamiko juu ya mpaka wa hifadhi, ambao kwa miaka mingi umeleta ugomvi baina ya wakulima na walinzi wa msitu. Asibishane wala asitoe ahadi isiyo yake. Sheria ya hifadhi yapasa kushikwa, na msitu ule ndio unaoizuia ardhi isishuke juu ya vichwa vya watu. Lakini mtu aliyekwisha kula katika nyumba ya mkulima ataitekeleza sheria hiyo kwa akili na huruma, wala hatamwona kila mwenye jembe kuwa mhalifu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tungependa wakuu wa kambi na wa vituo vya polisi, kuanzia Jinja hadi Kapchorwa, wawahimize vijana wao kutumia japo siku tatu za likizo kwa namna hii. Kijiji kilichompokea askari kama mgeni hakitamkimbia siku atakapokuja na sepeto begani, usiku, mvua ikinyesha, kuwatafuta waliofukiwa.