Barua ya wazi kwa Bodi ya Leseni za Bunduki: mwenye biashara awe na kauli mlangoni pake

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Leseni za Bunduki, Nairobi. Nakala kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani.

Waheshimiwa,

Nina hoteli ya nyama choma mjini Nakuru, yenye baa upande wa nyuma. Sipingi raia aliyefuata sheria kumiliki bunduki. Naomba jambo moja tu: mwenye biashara awe na kauli kuhusu bastola inayoonekana ndani ya biashara yake, na nyinyi mnaotoa leseni muiunge mkono kauli hiyo.

Kwa sasa ninayo kauli ya mdomo tu. Askari wangu wa mlangoni ana kirungu na kile kifaa cha kutambua vyuma. Kikilia, mteja anafunua koti, anaonyesha bastola na kadi ya leseni, kisha anaingia. Mama aliyetoka sokoni anapekuliwa mpaka kwenye kibeti, ilhali mwenye silaha anapigiwa saluti. Simlaumu askari huyo. Anaogopa kwamba akimrudisha mtu wa namna hiyo, kesho atatafutwa na mkubwa fulani, na mshahara wake haumruhusu kushindana na wakubwa.

Jumamosi moja jioni mteja mmoja alikaa meza ya karibu na jikoni, bastola ikiwa kiunoni, nje ya shati. Alipofungua bia ya tatu akaichomoa na kuilaza mezani, kando ya sinia ya mbuzi na kachumbari, mtutu ukielekea meza ya pili ambako mzazi alikuwa akimlisha mtoto chipsi. Mhudumu wangu alilizunguka jiko zima ili asipite mbele ya ule mtutu. Mzazi yule alimbeba mtoto, akalipa bila kungoja chenji. Nilimwendea mwenye bastola nikamwambia, "Mkubwa, tafadhali hiyo tuwekee mbali." Akanijibu kwamba ana leseni ya serikali. Ni kweli alikuwa nayo. Hakutukana mtu wala hakuinua sauti, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu sikuwa na karatasi yoyote yenye mhuri wenu ya kumwonyesha.

Najua sheria inamwadhibu anayefanya fujo akiwa na silaha. Lakini fujo ikishatokea, watu wangu wameshaumia. Januari 2020, katika kilabu kimoja cha Nairobi, DJ alipigwa risasi ya shingo, na picha za kamera za humo ndani zikaonekana nchi nzima. Sirudii kesi ile, mahakama ilishaisikiliza. Ninachouliza ni kwa nini bunduki na pombe vinaachwa vikae meza moja hadi leo.

Kuna watakaonikumbusha shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Mimi pia siisahau. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa pale, na miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa wengine walikuwa raia wenye bastola za leseni. Wanastahili shukrani ya taifa. Lakini walikwenda na silaha zao kwenye hatari iliyokwisha kuanza. Hawakuwa wamezianika juu ya meza za mkahawa. Na hata siku ile, iliripotiwa kwamba afisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe. Ikiwa maafisa waliofunzwa walishindwa kutambuana, mhudumu wangu mwenye trei ya soda atajuaje kwamba huyu aliyechomoa bastola ni mlinzi wa watu au ni mwuaji?

Marekani walijifunza hilo kwa uchungu. Agosti 2019 mtu alishambulia duka la Walmart mjini El Paso, Texas, na watu 23 wakafa. Siku chache baadaye kijana mmoja akaingia Walmart ya Missouri akiwa na bunduki ndefu na fulana ya kuzuia risasi, akidai anapima haki yake, na wateja wakatimua mbio. Mwezi uliofuata kampuni hiyo iliwaomba wateja wasibebe silaha wazi dukani. Tena Texas ndiko kubeba bastola wazi ni halali tangu 2016! Hata huko sheria inampa mwenye duka tangazo la kubandika mlangoni, lenye maneno yaliyowekwa na serikali na herufi za angalau inchi moja. Anayelipuuza anatozwa faini, na akiambiwa atoke akakataa, kosa linakuwa kubwa zaidi. Kenya haina mapenzi ya bunduki kama Texas. Basi kwa nini mwenye hoteli wa Nakuru awe na nguvu ndogo kuliko mwenye duka wa Houston?

Tupeni tangazo la namna hiyo, kwa Kiswahili na Kiingereza, lenye nembo yenu. Liseme kwamba silaha isionekane ndani ya biashara, na kwamba anayekunywa pombe haingii nayo. Hoteli zenye uwezo ziruhusiwe kuihifadhi kwenye sefu kwa utaratibu mtakaouweka nyinyi, maana sitaki kijana wa kaunta ashike bastola ya mtu bila kufundishwa. Muhimu kuliko yote, askari wa mlangoni awe na nambari ya kupiga, na anayekaidi atajwe kwenu. Leseni zinafanywa upya kila mwaka. Ukaidi huo uwe kwenye faili lake siku atakapokuja kuomba tena. Mtu anayeogopa kupoteza leseni hatamtisha askari.

Hakuna haja ya kungoja Bunge kwa yale ambayo mamlaka yenu yanatosha. Toeni tangazo, nasi wenye hoteli tutalibandika siku hiyo hiyo.

Wenu,
Mwenye hoteli, Nakuru